Si Kosa la Mchina, Wala Si Kosa la Maskini

Kuna hukumu inayotolewa kila siku barazani, ndani ya daladala na kwenye maduka ya Kariakoo, na imerudiwa mara nyingi hadi imepata nguvu ya sheria. Inasema hivi: vitu vya zamani vilidumu kwa sababu alivitengeneza Mzungu, vya siku hizi vinakufa mapema kwa sababu anavitengeneza Mchina, na takataka zinatujia kwa kuwa sisi wenyewe tunapenda bei chee. Anayetaka kitu cha kudumu, tunaambiwa, avunje kibubu, atoe hela ya maana, anunue orijino.

Hukumu hiyo naipinga yote. Historia inaikataa. Inamtwisha lawama mtu ambaye hakuwemo kwenye vikao vilivyoamua mambo haya. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba inatufanya tuone udhaifu wa vitu kuwa ni majaaliwa, tukabaki kulalamika badala ya kudai. Vitu tulivyovipenda kwa uimara wake viliharibika, tena mara kwa mara. Vilidumu kwa sababu vilifunguka, spea zake ziliuzwa duka la jirani, na fundi wa mtaani aliweza kuvirudisha kazini siku hiyo hiyo. Hicho ndicho kilichotuondokea, na hakikuondoka chenyewe.

Tuwaite mashahidi ambao hukumu yenyewe huwataja. Wa kwanza ni cherehani. Singer ya mguu, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu, bado inashona kwenye baraza nyingi za miji yetu. Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, na katika miaka ya 1880 kampuni yake ikajenga kiwanda kikubwa mno huko Clydebank, Uskoti, kilichopeleka vyerehani hadi Asia na Afrika. Mtetezi wa hukumu huishia hapo. Anaipigapiga mashine kwa kiganja, anasema: unaona chuma cha Mzungu?

Asogeze macho hatua mbili tu. Kwenye baraza hiyo hiyo kuna cherehani nyingine, nyeusi vilevile, yenye picha ya kipepeo. Hiyo ni Butterfly, ya Shanghai. Nayo imeshona sare za shule, madera na suruali za sikukuu kwa miongo kadhaa. Mafundi wanaiamini, akina mama wamewarithisha binti zao, na sijapata kumsikia fundi akiiita takataka. Imetengenezwa na Mchina huyo huyo anayelaumiwa kwa kila kitasa kinachovunjika.

Sasa zifunguliwe zote mbili. Singer ilikuwa na mtindo wa mashine uliopewa namba 15. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Japani vilikubaliana kutengeneza cherehani ya nyumbani kwa kufuata mtindo huo, kila kiwanda kikitumia vipimo vilevile ili kifaa cha mmoja kiingie katika mashine ya mwingine. Shanghai ikapita njia hiyo hiyo, na Butterfly tunayoijua ni tunda lake. India nayo ilikuwa na Usha tangu miaka ya 1930. Ndiyo maana bobini, kikasha cha bobini na sindano vya mtindo huo vinaingiliana bila kuulizana uraia. Mwanafunzi wa ushonaji anayenunua pakiti ya sindano leo ananunua kipimo kilichokubaliwa na watu ambao wengi wao wameshafariki.

Kiwanda cha Clydebank kilifungwa mwaka 1980. Kama siri ya uimara ingekuwa kwenye mikono ya Waskoti, Singer zilizotoka kule zingekuwa zimekufa zote kwa kukosa spea. Hazikufa. Viwanda vya Asia viliendelea kutoa bobini, sindano, skrubu na mikanda inayoingia ndani yake, na mafundi wetu wakaendelea kuzifunga. Kwa maneno mengine, kazi ya mikono ya Mzungu iko hai leo kwa spea za Mchina na ujuzi wa Mwafrika. Hukumu ile haina pa kuuweka ukweli huu, kwa hiyo huuruka.

Na muundo wa mashine wenyewe unafundisha. Sehemu zinazosuguana sana ni ndogo, za bei nafuu, na zimewekwa mahali mkono unapofika. Mkanda wa ngozi ukilegea, fundi anaukata kidogo, anaunga ncha kwa kipande cha waya, kazi inaendelea. Sindano ikipinda, inatolewa kwa kulegeza skrubu moja. Matundu ya mafuta yako wazi, yanaonekana. Kiwiliwili cha chuma, ambacho ndicho ghali, hakiguswi na msuguano mkubwa. Aliyeipanga mashine hivyo alikubali kwamba kuchakaa hakukwepeki, akaamua kuchakaa kuangukie sehemu ya mia tano badala ya sehemu ya laki. Mimi nikizungumzia ubora, nazungumzia uamuzi wa namna hiyo. Uzito wa chuma unakuja nyuma yake.

Shahidi wa pili ni baiskeli. Wazee wataisifu Raleigh ya Nottingham, na wana haki ya kuisifu. Lakini baiskeli zilizobeba mizigo ya vijiji vyetu kwa miongo ya karibuni ni Phoenix ya Shanghai na zile za India, Hero na Avon, zilizofuata umbo lile lile la Kiingereza: magurudumu ya inchi 28, fremu ya chuma, breki zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya nyaya. Baiskeli za namna hiyo zimebeba abiria Shinyanga. Zimevusha watu mpakani Busia wakati boda boda ilikuwa bado ya kukanyaga, na Wakenya wakazipa jina la Black Mamba. Kisangani wanaziita toleka. Burundi zinashuka milima kwenda Bujumbura zikiwa zimelemewa na mikungu ya ndizi hadi mwendeshaji haonekani.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyopita miaka yote bila kukatika spoki, kutoboka tyubu au kusagika gololi. Anayezitunza ni fundi aliye chini ya mwembe, mwenye spana chache, gundi, viraka na beseni la maji la kutafutia tundu. Hana shahada wala kompyuta. Anachohitaji ni kwamba spoki ya leo iingie kwenye rimu ya miaka 20 iliyopita, na inaingia. Mwenye baiskeli hanunui baiskeli nyingine, ananunua spoki. Kwa miaka mingi anaweza kuwa amebadilisha mnyororo, pedeli, tairi, hata gurudumu zima, na bado ni baiskeli ile ile aliyoachiwa na baba yake.

Na kama yupo anayeona kwamba uimara una kabila, aiangalie TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na Wachina wakishirikiana na Watanzania na Wazambia, ikapitishwa kwenye mahandaki na madaraja katika milima kati ya Mlimba na Makambako. Ilipodhoofika, haikudhoofika kwa sababu madaraja yalianguka. Iliishiwa vichwa vya treni vinavyotembea, spea za kuvifufua, na fedha za matengenezo. Funzo la cherehani linasimama hata katika kitu kikubwa kama reli: kitu huishi kwa matunzo yake, na matunzo hayawezekani bila vipuri.

Sasa tugeukie sehemu ya hukumu inayomsifu Mzungu kana kwamba yeye hajui kutengeneza kitu cha kufa. Desemba 1924, makampuni makubwa ya balbu duniani yalikutana Geneva. Walikuwepo Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi, na makampuni yaliyohusiana na General Electric ya Marekani. Wakaunda umoja ulioitwa Phoebus, wakakubaliana kwamba balbu ya kawaida ya nyumbani iwake saa 1,000, ingawa wakati ule balbu nyingi zilikuwa zikiwaka saa 1,500 hadi 2,000. Balbu za kila kiwanda zilipelekwa kupimwa, na kiwanda ambacho balbu zake ziliishi kupita kiasi kilitozwa faini.

Watetezi wa Phoebus wana hoja moja ya kweli: balbu ya aina ile ikifupishwa maisha, hutoa mwanga mkali zaidi kwa umeme ule ule. Fizikia inawaunga mkono. Lakini fizikia haitozi faini. Kama nia ilikuwa kumpa mteja mwanga bora, angeelezwa faida na hasara, kisha akaachiwa achague kati ya balbu kali na balbu ya kudumu. Walichofanya ni kuiondoa balbu ya pili sokoni na kumwadhibu yeyote aliyeirudisha. Wahandisi wazuri kabisa wa Ulaya walilipwa mishahara ili wapunguze maisha ya kitu walichojua kukirefusha.

Si habari za kale tu. Februari 2020, mamlaka ya Ufaransa inayolinda watumiaji iliitoza Apple euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja kwamba masasisho ya programu yangeweza kupunguza kasi ya simu zao za zamani. Simu hizo si za bei chee, na jina lililo mgongoni mwake linaheshimika dunia nzima. Basi ule ushauri wa kununua ghali ili upate cha kudumu uko wapi?

Ushauri huo ndio unaoniudhi kuliko yote, maana unatolewa kwa sauti ya hekima. Bei kubwa ya leo mara nyingi hununua kioo kizuri, kamera kali na jina. Hainunui mlango wa kuingilia fundi. Tukumbuke simu ambayo watu wetu waliipenda kupita zote. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa takriban milioni 250 duniani, na haikuwa simu ya matajiri. Kwetu Tanzania simu za jamii yake tunaziita vitochi. Kenya wanaziita mulika mwizi. Kifuniko chake kilifunguka kwa kidole. Betri yake, BL-5C, ilitoka kwa ukucha, na ilitumika pia katika simu nyingine nyingi za kampuni hiyo, kwa hiyo ilipatikana hadi kwenye vibanda vya vijijini. Kampuni iliacha kuitengeneza simu hiyo zamani, lakini betri ya umbo hilo bado inauzwa, na utaikuta ndani ya redio ndogo za sokoni ambazo hazina uhusiano wowote na Nokia. Kipimo kizuri kikishaingia mikononi mwa watu, hakifi pamoja na bidhaa iliyokileta.

Sasa chukua simu janja ya bei mara 20 ya ile. Betri imebandikwa kwa gundi. Kifuniko hakitoki mpaka kipashwe moto. Fundi wa Mtaa wa Aggrey jijini Dar es Salaam au wa Luthuli jijini Nairobi anaweza kuifungua, maana mafundi wetu ni hodari kweli, lakini anaifungua kama mwizi anavyovunja nyumba, akiomba Mungu kioo kisipasuke. Betri ni kitu ambacho kila mhandisi anajua kitachoka baada ya miaka michache. Kukifunga kwa gundi ndani ya kitu cha laki tano ni kukiandikia kitu hicho tarehe ya kufa.

Wanaotetea gundi husema kwamba simu ya sasa lazima iwe nyembamba na isiingie maji. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wenye viwanda wangekuwa kweli wameshindwa. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyopewa ruhusa maalumu. Ufaransa, kuanzia Januari 2021, iliwalazimisha wauzaji wa simu, kompyuta za mkononi, televisheni na mashine za kufulia kubandika kando ya bei alama, kati ya 0 na 10, inayoonyesha kitu hicho kinatengenezeka kwa kiasi gani. Makampuni hayakufunga virago. Yalichukua kalamu na kuanza kuchora upya. Yanaweza. Yalikuwa yanasubiri kulazimishwa.

Turudi nyumbani, kwa mtu anayejificha nyuma ya jina la Mchina. Kiwanda hutengeneza kile kilichoagizwa. Bati nene lina bei yake na bati jembamba lina bei yake. Skrubu ina bei yake na gundi ina bei yake. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa pasi ya kudumu kwa mteja mmoja na pasi ya miezi mitatu kwa mteja mwingine, kulingana na oda na malipo. Mfanyabiashara wetu anayepanda ndege kwenda Guangzhou anawekewa daraja zote mezani. Anapochagua ya chini kabisa, akaijaza kwenye kontena bila boksi hata moja la spea, uamuzi huo ni wake. Bidhaa ikifia mikononi mwa mteja, anasema "ndiyo vitu vya Kichina hivyo", na mteja anaitikia kwa kichwa. Hakuna kinga nzuri kwa mwagizaji kuliko hukumu hiyo. Inamsafisha kabla hajashtakiwa.

Halafu kuna maskini. Inasemwa kwamba yeye ndiye anayeita takataka sokoni kwa kupenda rahisi. Nawaomba wanaosema hivyo waende wakamtazame mama anaponunua sufuria. Anaipima uzito kwa mkono, anaigonga asikilize mlio, anaigeuza chini aone kitako, anapitisha kidole kwenye ukingo. Wamtazame anavyoikagua kanga kwa vidole ajue kama pamba yake ni ya kweli na kama rangi itachuja. Wamtazame mkulima anavyoligeuzageuza jembe. Hao ni wakaguzi wa ubora waliofundishwa na maisha, na kwa vitu vinavyokaguliwa kwa mkono na jicho hawadanganyiki kirahisi.

Wanapodanganyika ni pale ubora umefichwa ndani. Huwezi kuigonga chaja ukasikia unene wa shaba yake. Huwezi kuona ndani ya pasi kama waya umechomelewa vizuri. Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970, na mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobel: pale mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibaya, hakubali kulipa bei ya kizuri, na mwenye kizuri anaondoka sokoni. Yeye alitumia mfano wa magari yaliyotumika. Sisi tuna mifano kwenye kila rafu. Mtu ambaye ameshanunua chaja ya bei ya juu ikafa sawasawa na ya bei ya chini, safari ijayo ananunua ya chini, na amefanya hesabu sahihi kabisa. Kumwita mpenda rahisi ni kumtukana kwa kujua hesabu.

Na historia yenyewe inaonyesha maskini anavyofanya akipewa nafasi ya haki. Cherehani ilikuwa kitu ghali sana kwa familia ya kawaida ilipotoka. Kampuni ya Singer ilianza kuiuza kwa malipo ya awamu katika miaka ya 1850, na wafanyakazi wa kipato kidogo wakainunua kwa wingi. Hapa kwetu wanawake wamenunua vyerehani kwa fedha za upatu na vikoba, mwezi baada ya mwezi, wakijinyima, kwa sababu walijua kitu hicho kitawalisha na kuwasomeshea watoto. Maskini anayeweza kukingoja kitu kwa mwaka mzima hana kiu ya takataka. Anakosa mtu wa kumhakikishia kwamba kitu anachokingoja kitakuwa hai mwaka wa tano.

Najua pingamizi moja linalostahili kujibiwa kwa heshima. Wapo wanaosema kwamba vya zamani havikuwa imara kiasi hicho. Tunaona vilivyobaki tu, vilivyokufa vimeshayeyushwa vyuma chakavu. Na wengine wanaongeza: tulitengeneza kwa sababu tulikosa. Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa nchi ya foleni na maduka matupu. Hakuna aliyetupa kitu kwa sababu hapakuwa na cha kununua badala yake. Milango ilipofunguliwa baada ya 1985, enzi za Rais Mwinyi, tukaonja mapya, mapenzi ya kiraka yakaisha.

Yote mawili yana ukweli, na hakuna linaloniangusha. Sidai kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Nauliza kwa nini hivi vilivyobaki vilibaki, na jibu ni kwamba vilifunguka. Ni kweli pia kwamba uhaba ulitufanya tutengeneze, lakini hata uhaba haukuweza kututengenezea kisichotengenezeka. Watu walirudisha uhai baiskeli, majiko ya mchina, chemli na redio kwa sababu vitu hivyo viliwaruhusu. Ungewapa simu ya gundi mwaka 1983, pamoja na shida zao zote, wangeishia kuitupa. Tena uhaba umekwisha, lakini Butterfly na Phoenix bado ziko kazini, sokoni kukiwa kumejaa mbadala. Watu hawazishikilii kwa kukosa. Wanazishikilia kwa sababu zinawatendea haki.

Lipo na pingamizi la wachumi wa mezani: vitu vikidumu sana viwanda vitakosa wateja na vijana watakosa kazi. Kazi za nani? Pasi ikifa na mwenyewe akanunua nyingine, sehemu kubwa ya fedha yake inapitia bandarini kwenda nje. Pasi ikifa na mwenyewe akaipeleka kwa fundi, sehemu kubwa ya fedha hiyo inabaki mtaani: inamlipa fundi, inamlipa muuza spea, inamnunulia chakula mama ntilie aliye jirani yao. Gerezani jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi kuna maelfu ya watu wanaoishi kwa nyundo, patasi na moto wa kuchomelea. Kitu kisichofunguka kinawanyang'anya kazi hao, kisha kinapelekwa Dandora au Pugu Kinyamwezi kuongeza jalala ambalo moshi wake unavutwa na watoto wa maskini wale wale wanaolaumiwa.

Kwa hiyo nadai, na nawaomba wasomaji wadai pamoja nami. Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa mwaka 1975, na Kenya ina lake tangu 1974. Mashirika haya yanapokagua kama kitu ni salama kinapoingia nchini, yanafanya kazi ya lazima. Yaongeze swali la pili: kitu hiki kikiharibika mwaka wa tatu, kitatengenezwa na nani, kwa spea ipi? Mwagizaji wa vifaa vya umeme na simu alazimike kuleta na spea zake na kuziweka sokoni kwa miaka inayotajwa kwenye karatasi. Alama ya kutengenezeka ibandikwe kando ya bei, kama Ufaransa ilivyofanya, kwa Kiswahili ambacho kila mnunuzi anakisoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wenye ngazi nne, asilimia 0, 10, 25 na 35. Vipuri vya vifaa vya nyumbani viwekwe ngazi ya chini kabisa, na bidhaa zilizofungwa kwa gundi zisifaidi upendeleo huo. Michoro na maelekezo ya matengenezo yapelekwe VETA na vyuo vingine vya ufundi, ili kijana ajifunze kwa mwanga badala ya kubahatisha.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji turudi enzi za foleni. Hakuna linalohitaji maskini atoe fedha asizonazo. Na hakuna linalomzuia Mchina, Mhindi, Mjerumani au Mtanzania kutuuzia chochote, mradi akiuze kikiwa na mlango.

Mnunuzi naye ana sehemu yake, na ni ndogo kuliko anavyoambiwa. Kabla ya kulipa, amuulize muuzaji mbele ya wateja wengine: spea yake mnayo? Inafunguliwa vipi? Nani anaitengeneza hapa mjini? Swali hilo likiulizwa mara moja ni usumbufu. Likiulizwa na kila mteja kwa miezi sita, mwagizaji ataondoka na orodha tofauti safari yake ijayo ya Guangzhou, maana mfanyabiashara husikiliza kinachomzuilia mauzo kuliko anavyosikiliza hotuba.

Wahenga walituonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Tumeshapata vidonda vya kutosha. Yeyote atakayetuambia tena kwamba vitu havidumu kwa sababu ya Mchina au kwa sababu ya umaskini wetu, atuambie kwanza ni nani aliyeamua kuondoa skrubu akaweka gundi, na alifaidika kwa kiasi gani. Uamuzi huo ulifanywa na watu wenye majina na ofisi. Watu wanaweza kuufuta, na kazi yetu ni kuwabana mpaka waufute.